Siku Kaka Alipoipanga Nyumba

Kaka yangu simchukii. Naanza na hilo kwa sababu huku mtaani kuna watu hawana kazi ya kufanya, na mama wa dukani ameshaniambia usoni kwamba eti tunaishi nyumba moja kama paka na panya. Uongo mtupu. Tunasalimiana. Ananiuliza nimeamkaje, namwambia salama, anachukua chai yake anaingia chumbani, basi. Chuki inataka nguvu, na nguvu zangu zina kazi nyingine.

Tumezaliwa wawili tu, yeye ndiye mkubwa. Alipomaliza shule alikwenda mjini, akakaa huko miaka thelathini akifanya kazi moja: kutunza stoo ya spea za malori. Hapa nyumbani tukambandika jina la Bwana Stoo, naye akalipenda. Ukimpigia simu mchana hapokei, yuko stoo. Ukimpigia jioni atakueleza habari za stoo mpaka sikio lipate moto. Alikuwa akijisifu kwamba umeme ukikatika anaingia gizani na kutoka na boliti unayoitaka, ya ukubwa unaoutaka, bila kupapasa. Hakuwa anatia chumvi. Niliwahi kumtembelea mara moja, nikaona kwa macho yangu. Dereva anafika dirishani anapayuka, "Bwana Stoo, nataka kile kidude cha chini kinachoshika kile kingine," na kaka anakwenda moja kwa moja kwenye rafu, anarudi nacho, anakifuta kwa kitambaa, anakiweka mezani. Hakuoa. Zamani alikuwa na mchumba, dada mmoja mpole, akasubiri weee, akachoka. Siku ile nilipomwona pale dirishani nikaelewa kilichomchosha yule dada.

Halafu kampuni ikaleta kompyuta. Sasa kompyuta hizo, kama alivyonieleza, hazipangi vitu kwa aina. Kitu kikiingia, mashine inatafuta mahali popote palipo wazi, inakwambia weka hapo, nawe unaweka. Boliti inalala na taa, taa inalala na mkanda wa feni. Ukitaka kitu unaiuliza mashine. Yeye akiwa likizo, vijana wawili walihamisha stoo nzima kwa wiki moja. Aliporudi hakujua hata kitu kimoja kilipo. Hakufukuzwa, nasema tena, hakufukuzwa, walimwambia atazoea. Akavumilia miezi miwili. Anafika kazini anasimama katikati ya rafu mikono inaning'inia, mtu mzima wa miaka hamsini, mpaka siku moja dereva mmoja akamcheka. Siku hiyohiyo akaandika barua ya kuacha kazi, akafunga virago, akarudi nyumbani kwa Baba.

Na mimi nikashangilia. Hapo ndipo nataka unielewe.

Nina miaka arobaini na minne. Mama alifariki nikiwa na thelathini na miwili, na mwaka huohuo macho ya Baba yakazimika, presha ya macho, jicho moja kwanza na la pili baada ya miezi michache. Nani abaki naye? Kaka ana kazi mjini. Mimi nilikuwa nafundisha chekechea, kazi ambayo watu hawaiiti kazi. Nikabaki. Hakuna aliyenilazimisha, ila hakuna aliyeniuliza pia.

Sikatai, Baba si mtu wa kusumbua. Alikuwa fundi mwashi na nyumba hii aliijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, kwa hiyo hata alipopofuka alikuwa anaijua kuliko sisi tunaoona. Hatua sita kutoka kitandani mpaka mlangoni. Hatua tatu kwenye korido, halafu anatupa mkono wa kulia, anakuta kona ya kabati kubwa la vyombo la Mama, anaegemea pale kwa uzito wake wote maana goti lake la kushoto ni bovu, anageuka, hatua nne, yuko chooni. Ndani ya nyumba hakushika fimbo hata siku moja. Sheria ya nyumba ilikuwa hiyo tu: kitu hakisogezwi. Mgeni akivuta kiti, akimaliza kukaa anakirudisha. Asiporudisha nakirudisha mimi, na namtupia jicho ambalo hatalisahau.

Sasa mwaka huu akanipigia simu rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, safari ya siku nzima kutoka hapa. Matroni wao amestaafu.

"Vyeti najua huna," akasema, "lakini nimepigana na bodi mpaka wamenisikiliza. Njoo. Utapata chumba chako mwenyewe, mshahara wako, na wasichana mia mbili wa kukutoa roho."

"Nina Baba," nikamwambia.

Akasema, "Siku ya kufungua shule ukiwepo, nafasi ni yako. Usipokuwepo, bodi wana mtu wao, na mimi sitakuwa na mdomo tena."

Nilikata simu nikakaa jikoni nikalia. Sikulia kwa huzuni. Nililia kwa hasira, kwamba mtu anakuonyesha kitu anajua kabisa huwezi kukishika. Wiki mbili baadaye kaka akashuka getini na mabegi yake matatu. Jamani! Ningefanyaje nisishangilie? Nilimkumbatia mpaka akashtuka. Masikini, alidhani namfurahia yeye.

Nilimpa siku tatu apumue, nikamtolea uvivu.

"Kaka, nataka kuondoka."

"Unakwenda wapi?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa, anazungusha kikombe mezani.

"Na Baba atakula nini?"

"Utakachopika."

"Mimi najua mayai tu, mdogo wangu."

"Basi atakula mayai mpaka ujue kingine."

Akacheka. Tangu arudi nilikuwa sijamsikia akicheka. "Nenda," akasema. "Umekaa vya kutosha. Sasa ni zamu yangu."

Zamu yangu! Nilikuwa nakwenda sokoni nayarudia maneno hayo midomoni kama mwehu. Baba tulimwambia pamoja, sebuleni. Alisugua goti lake kidogo. "Vizuri," akasema. "Vizuri, mwanangu. Nenda ukafanye kazi." Basi. Hakuuliza swali hata moja. Nikasema moyoni, mzee huyu Mungu ampe nini tena.

Zilibaki wiki tatu, nikazitumia kumfundisha kaka. Usimshike Baba mkono ukamvuta, mwache yeye akushike kiwiko. Ukiingia chumbani sema kwanza ni wewe. Dawa ya macho asubuhi na jioni, macho hayaoni lakini yanauma. Kitu hakisogezwi. Nilimwambia hilo, nakumbuka kabisa nilimwambia. Ila nilimwambiaje? Nilimwambia naosha masufuria, nimempa mgongo, katikati ya mambo mengine kumi, akili yangu imeshafika bwenini inahesabu vitanda. Hilo ni langu na silisukumi kwa mtu.

Na dalili nilikuwa naziona. Kaka alikuwa hatulii ndani ya nyumba. Anasimama katikati ya sebule anaangalia vitu kama anavionea huruma.

"Kwa nini jagi la maji linakaa chini, pembeni ya kiti, wakati jikoni kuna meza?"

"Kwa sababu ndipo linapokaa."

"Na sahani ziko koridoni, meza ya kulia iko sebuleni. Mtu anatembea bure."

"Tembea, utapunguza tumbo," nikamwambia, na tukacheka wote wawili.

Alhamisi ile, siku nne kabla ya shule kufunguliwa, nilikwenda hospitali kupimwa, maana shule ilitaka cheti cha daktari. Nilivaa gauni langu zuri. Nikakaa kwenye foleni nusu siku bila kununa, na watu wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo. Wakanipima mapafu, wakanipima damu, wakagonga muhuri: mzima, anafaa kazi. Saa tisa alasiri nikashuka mtaani na karatasi yangu mkononi, nikaona majirani wamejaa mlangoni kwetu.

Yaliyotokea alinieleza kaka mwenyewe baadaye, kwa vipande. Baada ya chai alimkalisha Baba barazani na redio yake. Akaangalia nyumba, akaangalia siku nzima iliyokuwa mbele yake, akaona anifanyie zawadi: nikirudi nikute mambo yamenyooka, niondoke roho ikiwa imetulia. Akaanza na jikoni. Akatoka jikoni akaingia sebuleni. Kiti cha Baba akakipeleka dirishani penye hewa. Jagi akalipeleka jikoni kwenye maji mengine. Kabati la Mama akatoa vyombo vyote, akaweka matambara chini ya miguu yake, akalisukuma peke yake kutoka koridoni mpaka karibu na meza ya kulia, maana sahani zinatakiwa kuwa karibu na meza. Kisha akakata maboksi vipande vipande, akachukua kalamu nene, akaandika na kubandika. VIKOMBE. MAJANI YA CHAI. DAWA ZA BABA. Herufi kubwa, zilizonyooka, nzuri kabisa, ndani ya nyumba ya kipofu. Tena akachora ramani ya nyumba nzima, akaitundika ukutani.

Alikuwa na furaha, aliniambia. Furaha ambayo hakuwa nayo tangu wale vijana wa kompyuta.

Na usidhani hakumwambia Baba. Alimwambia mezani wakati wa chakula cha mchana. "Baba, kabati nimelisogeza, sasa liko hapa nyuma yako. Kiti chako kiko dirishani." Baba akasema, "Sawa." Baba yangu kila kitu kwake ni sawa. Alisikia vizuri tu. Lakini akajilaza kidogo, akapitiwa na usingizi, akaamka na haja yake, na mtu akiamka na haja yake haanzi kukumbuka maneno ya mezani. Hatua sita. Hatua tatu. Akatupa mkono wa kulia, akaegemea kwa uzito wake wote.

Nilimkuta sakafuni, hataki kuguswa, midomo imekauka. Kaka kapiga magoti pembeni yake, kalamu bado iko mkononi. Pale ukutani lilipokuwa kabati rangi ilikuwa mpya kabisa, kipande kirefu kisicho na hata vumbi, na nilipokiona kile kipande nikajua kila kitu kabla sijaambiwa. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Jirani anasema nilitukana, na inawezekana.

Hospitali walitupokea haraka, siwezi kuwasema. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya pole. Nyonga imevunjika, akasema. Angekuwa kijana wangempasua na kumwekea chuma, ila moyo wa mzee hautastahimili.

"Atatembea?" nikauliza.

"Mama, kwanza tushukuru yuko hai."

Akishajibiwa hivyo, mtu mzima harudii kuuliza.

Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kashika tama. Nikamsimamia mbele.

"Hebu niambie," nikasema, "wewe uliacha kazi kwa nini?"

Akainua macho.

"Nakuuliza. Uliacha kazi kwa nini? Si kwa sababu walikuhamishia vitu vyako? Si ulikaa jikoni kwangu ukalia, ukasema unaingia stoo yako mwenyewe na hujui pa kuweka mkono? Eh? Si wewe?"

Nilitaka anijibu, agombe, anitukane, tugombane mpaka tuishiwe. Akanywea palepale. Nadhani mpaka dakika ile lilikuwa halijampitia akilini hata kidogo.

Jumamosi tukamrudisha Baba nyumbani, na godoro la kukodi, na boksi la nepi za watu wazima. Nikakuta kaka amerudisha vitu vyote. Aliingia usiku wa kuamkia siku ile na futi kamba, akafuata alama za miguu ya kabati sakafuni, akalirudisha bila kupunguza hata upana wa kidole. Kiti mahali pake. Jagi mahali pake. Vikaratasi amebandua vyote. Nilizunguka nyumba natafuta kosa nimkaripie, sikuliona. Baba tukampitisha koridoni amelala kwenye machela, hakunyoosha mkono.

Jumapili asubuhi kaka akanifuata jikoni. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Begi lako bado limefungwa," akasema.

"Limefungwa."

"Basi nenda. Nilisema zamu yangu, bado ni zamu yangu. Nitamgeuza, nitamwosha, nitafanya yote. Gari la saa nne utaliwahi."

Nilimtazama. Na nakwambia ukweli, sikuwa na huruma na mtu yeyote saa ile, nilikuwa naangalia saa. "Kamgeuze sasa hivi nikuone," nikamwambia. "Ukiweza, naondoka."

Akaenda. Nikasimama kwenye korido, begi langu miguuni. Baba alisikia ndala zake zinakuja, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Nani?"

"Ni mimi, Baba."

"Dada yako yuko wapi?"

"Yupo. Nataka kukugeuza kidogo, Baba. Taratibu tu."

Akamwekea mkono begani. Baba akapiga ukelele ambao hata siku ya kuanguka hakuupiga. "Asinishike! Mwambieni asinishike!" Kaka akarudi nyuma, akangoja, akajaribu tena kwa sauti ya chini kabisa. Ukelele uleule. Mara ya tatu Baba alikuwa anatetemeka mwili mzima, kajikojolea, na kaka akatoka akanipita bila kuniangalia, anajifuta uso kwa mkono wa shati. Niliingia mimi. Nikasema, "Baba, ni mimi," nikamgeuza, nikamsafisha, na hakulia hata kidogo. Gari la saa nne nililisikia likipiga honi kule barabarani.

Jumatatu saa mbili nikampigia rafiki yangu.

"Nipe hata mwezi mmoja," nikamwambia.

"Nilikwambia, rafiki yangu."

"Uliniambia."

"Pole sana. Kwa kweli, pole sana."

Nyuma yake nilisikia wasichana wanakimbia koridoni, mmoja anaita mwenzake, anacheka. Nikamwambia asante, nikakata simu.

Mchana nikampelekea Baba supu. Nilimwinua kidogo kwa mito, nikaanza kumlisha kwa kijiko. Alikuwa ametulia kuliko siku zote, uso umechangamka kabisa.

"Leo ni Jumatatu?" akaniuliza.

"Jumatatu."

"Shule zimefunguliwa."

"Zimefunguliwa, Baba."

Akameza. Akapapasa blanketi mpaka akaupata mkono wangu, akaushika.

"Nilikuwa naomba," akasema.

"Unaomba nini?"

"Usiende. Tangu siku ile mliponiambia. Kila nikiamka naomba. Kuanguka sikuomba, mwanangu, Mungu anajua. Niliomba ubaki tu."

Kijiko kilikuwa mkononi kimejaa. Nikataka kumwaga bakuli lile ukutani, nikataka kumtikisa, mzee wa watu na nyonga yake iliyovunjika.

"Ungesema," nikamwambia. "Tulikuwa sebuleni sote watatu. Ungesema tu, Baba, usiende."

"Ungebaki?"

Nikarudisha kijiko ndani ya bakuli. Nisingebaki. Naapa nisingebaki, ningepanda gari nalia lakini ningepanda, na yeye alilijua hilo siku ileile aliposema vizuri.

Nikageuza kichwa. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, na uso wake ulikuwa umelegea. Siku nne nzima sura yake ilikuwa kama ya maiti, na sasa rangi ilikuwa inarudi, ananitazama kwa macho ya mtu aliyeambiwa kwamba kosa si lake peke yake. Wamepata nafuu wote wawili. Baba bado ameushika mkono wangu, hataki kuuachia.

Nikachukua kijiko kwa mkono mwingine.

"Fungua mdomo, Baba," nikasema. "Supu inapoa."